Usingizi Unaohama

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipachikwa jina la Jogoo miaka mingi kabla hajapoteza macho. Kila siku ya Mungu alikuwa akiamka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, bila saa ya kengele na bila kuitwa na mtu. Hata akichelewa kulala, hata akiwa na homa, ikifika saa hiyo yuko macho. Tulikuwa tukiishi katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha soda, safu mbili za vyumba zinazotazamana, na watu wa zamu ya asubuhi walimwambia tu, "Jogoo, nigongee kesho." Naye alipita akigonga madirisha kwa kidole, moja baada ya jingine, mswaki ukiwa mdomoni.

Rafiki yake mkubwa alikuwa fundi wa mitambo ya baridi, tuliyemwita Barafu. Huyo hakuchoka kumtania.

"Hivi wewe tumboni umemeza nini?"

"Kuna jamaa mdogo humo ana nyundo," Jogoo humjibu. "Saa ikifika ananigonga mbavu."

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mimi nikiwa mtunza stoo. Dada alikuwa fundi cherehani, akishonea palepale sebuleni, na mikono yake ilikuwa na akili kuliko vichwa vya watu wengi ninaowajua.

Ajali ilitokea kwenye mashine ya kuoshea chupa. Ndani ya mabomba yake hupita magadi makali yaliyochemshwa, yanayong'oa uchafu wote. Bomba moja lilikuwa limepasuka, Jogoo akaitwa alizibe. Aliambiwa magadi yameshamwagwa yote. Hayakuwa yamemwagwa. Aliinua miwani yake ya kazi apanguse jasho huku mkono wa pili ukilegeza nati, na kilichokuwa kimebaki ndani kikamrukia usoni. Hospitalini walihangaika naye mwezi mzima. Mwisho usaha uliingia, wakamtoa macho yote mawili ili kuokoa kilichobaki, wakamwekea ya bandia ya rangi ya kahawia.

Kiwanda kilikuwa na haya ya kumtupa. Wakampa meza ya simu. Kila simu ya kiwandani, ya kutoka nje na ya kutoka ndani, ilipita pale, na vidole vyake vilijifunza vitufe kwa wiki moja. Kando ya vitufe kulikuwa na kibonyezo kikubwa cha king'ora chenye kifuniko. Meneja alimshika mkono akauweka juu yake.

"Simu za kawaida mtu yeyote atapokea," alimwambia. "Wewe uko hapa kwa ajili ya ile inayokuja mara moja kwa miaka mitano."

Kilichofuata hakikuja kwa kishindo. Mwezi wa pili baada ya kutoka hospitali, Dada aliniambia kuwa mumewe amechelewa kuamka. Tukacheka. Mwanamume amepitia makubwa, acha alale. Baada ya siku chache akasema sasa anachelewa kupata usingizi pia, anajigeuzageuza kitandani mpaka saa sita, saa saba, saa nane. Kisha akaanza kusinzia mezani kazini. Hospitali walisema ni huzuni, wakampa vidonge vya kulalia, vikamlewesha mchana bila kumlaza usiku.

Halafu, bila sababu, akapona. Wiki mbili nzima alilala vizuri na kuamka mapema, akawa anaimba bafuni. Majirani walimpongeza Dada kwa uvumilivu wake. Wiki ya tatu ikarudi ileile.

Sikuwahi kuona kitu kinachotisha namna ile kwa utulivu. Siku moja nilikula nao chakula cha mchana, nje jua la utosi, watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani. Jogoo aliketi mbele ya sahani yake bila kuigusa. Nilipompa glasi ya maji vidole vyetu viligusana, na vyake vilikuwa vya baridi kama vya mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Uso ulikuwa umemvimba kwa usingizi, maneno yanamtoka mojamoja.

"Shemeji, ni saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa saba na nusu mchana."

"Hapana," akasema taratibu. "Huku kwangu ni usiku."

Dada aliinuka akatoa vyombo. Alipofika mlangoni alinitazama, na katika macho yake niliona kuwa ameanza kuogopa kitu ambacho hakijapata jina.

Usiku mambo yaligeuka. Dada aliamka saa nane akamkuta amesimama jikoni, amenyoa ndevu, amevaa shati la kazi, ana njaa ya mtu aliyetoka shamba. Anachemsha chai na kuzungumza kwa uchangamfu, sauti nzima, nyumba zote mbili za jirani zikisikia. Si kwamba alikosea saa. Alikuwa na saa ya kusema, ukibonyeza inakutajia muda. Alijua ni saa nane ya usiku. Mwili wake ndio ulikuwa haujui.

Wengine walisema amechanganyikiwa. Wengine walisema mengine, na sitayarudia. Dada hakubishana na mtu. Alichukua karatasi ya kaki, ile anayokatia ramani za nguo, akaipigilia misumari ukutani nyuma ya cherehani. Akapima kwa futi yake: sentimita mbili kwa kila saa, saa ishirini na nne kwenda kulia. Kila siku mstari mmoja, unene wa kidole. Pale usingizi ulipomkamata mumewe hasa, si pale alipojilazimisha kujilaza, akapaka chaki ya buluu. Pale alipokuwa macho kweli, akaacha wazi.

Alifanya hivyo kwa zaidi ya miezi mitatu bila kuniambia ni cha nini. Nilidhani ni ramani ya gauni la mtu mnene.

Jioni moja ya Ijumaa akaniita. Jogoo alikuwa kwa Barafu, jirani.

"Hebu simama hapa," alisema. "Usiangalie mstari mmoja. Angalia yote."

Nikaangalia. Vipande vya buluu vilikuwa vimepangika kama ngazi. Kila siku usingizi ulisogea kulia kidogo, kama nusu saa, kesho nusu saa tena, bila kuruka na bila kurudi. Ngazi ilishuka ikitoka usiku, ikapita alfajiri, ikavuka asubuhi na mchana na jioni, hadi ikafika usiku tena. Hapo ndipo zilipokuwa zile wiki ambazo watu walisema amepona. Halafu ikaendelea kushuka, vilevile, mzunguko wa pili.

"Siku arobaini na nane," Dada alisema. "Wiki saba kasoro siku moja. Mara ya kwanza hivyo, mara ya pili hivyo. Hajapona hata siku moja. Anazunguka tu, na usiku unapomkuta njiani tunashangilia."

"Sasa hii mistari ya chini? Hizi ni siku ambazo hazijafika."

"Nimeendeleza mwenyewe." Akaweka kidole kwenye mstari mmoja ambao aliuzungushia chaki nyeupe. "Jumanne. Usingizi wake utaanza saa kumi na mbili asubuhi, utaisha saa saba mchana. Na hiyo Jumanne ndiyo siku wanayofungua mitambo ya baridi kuikarabati. Barafu ametuambia mwenyewe. Wanaanza saa tatu."

Nilijua maana yake. Mitambo ile hupoza kwa amonia, gesi inayochoma mapafu kuliko pilipili inavyochoma macho. Siku ya kuifungua ndiyo siku ya hatari kuliko zote katika mwaka. Ikivuja, fundi aliye chini kwenye chumba cha mitambo anapiga simu moja tu, ya kwenda kwa opereta, na opereta anabonyeza king'ora. Watu watoke, na wale wa nje wafunge valvu kuu.

"Mwambie meneja," nilisema, kisha palepale nikajisikia nikigeuza kauli. "Hapana, ngoja. Utamwambia nini? Kwamba karatasi ya nguo inasema mume wako atasinzia Jumanne? Watamtoa pale na hawatamrudisha. Kipofu akishatolewa kazini, Dada, nani atamchukua?"

"Na asipotolewa?"

"Nitakuwepo mimi. Kila nusu saa napita mezani kwake. Nikimkuta amelala namwamsha. Ni siku moja."

Alinitazama muda mrefu. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufa, na alikuwa akiujua uso wangu kuliko kioo. Hatimaye akasema sawa. Sijui kama aliniamini, au alichoka kuwa peke yake na lile jambo.

Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Usingizi ulisogea nusu saa, ukasogea nusu saa nyingine, kama alivyochora. Jumatatu Jogoo aliingia kitandani saa tatu za usiku, akakaa macho mpaka kunakucha. Ilipofika saa kumi na mbili asubuhi ya Jumanne, Dada anasema, kichwa kilimwangukia kifuani akiwa anafunga kamba za viatu. Alimnawisha maji baridi. Akampa kahawa vikombe viwili. Tulitembea pamoja hadi kiwandani, mkono wake begani kwangu. Mara mbili nilihisi mkono ule ukilegea na kuwa mzito, kisha ukashika tena.

Saa tatu nilipita, nikamkuta anasugua masikio. Saa tatu na nusu nikamkuta amesimama, amekataa kiti. "Nikikaa nitakwenda," aliniambia. Saa nne kamili nilimletea kahawa nyingine. Alikuwa ameketi.

"Bado upo?" nilimuuliza.

"Nipo. Niongeleshe kidogo."

Nikamwongelesha. Kisha kijana wa getini akaja kuniambia lori la vifuniko vya chupa limefika na dereva ana haraka. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Lori lilipaswa kufika Jumatano. Nikamwambia Jogoo narudi baada ya dakika kumi.

Sikurudi baada ya dakika kumi. Nyaraka zilikuwa na kasoro, dereva anagomba, mimi nagomba. Nilikuwa nimeinama juu ya mabunda niliposikia simu ikilia mbali, kwenye ofisi ya mbele. Ililia ikakatika. Ikalia tena. Niliinua kichwa. Nakumbuka niliwaza kwamba leo simu zina fujo. Ilichukua muda, sijui dakika ngapi na sitaki kujua, kabla ya miguu yangu kuelewa kile ambacho masikio yalikuwa yameshasikia.

Nilipofika, Jogoo alikuwa ameketi wima, mkono mmoja uko juu ya kifuniko cha king'ora, kidevu kifuani, amelala kama pono. Macho ya bandia yalikuwa wazi nusu. Simu inalia sentimita chache kutoka sikioni mwake. Nilibonyeza king'ora mimi.

Baadaye walikadiria dakika sita. Chini, Barafu aliwasukuma vijana wake wawili nje kupitia mlango wa nyuma, halafu akarudi kwenye simu, kwa sababu ghorofani kulikuwa na akina mama arobaini wakibandika lebo na gesi ilikuwa inapanda. Alishika mkonga akangoja rafiki yake apokee. Walimtoa akiwa hai. Akina mama walitoka wakikohoa, hakuna aliyekufa. Lakini mapafu ya Barafu yaliungua, na koo lake likaungua, na tangu siku ile sauti yake ni mnong'ono.

Wiki iliyofuata waliketi watu watatu wa kuchunguza ajali nyuma ya meza, Jogoo mbele yao.

"Ulilala?"

"Nililala."

"Ulikuwa umekunywa?"

"Kahawa."

"Ulijua kwamba una tatizo hili?"

Nilikuwa nimesimama ukutani kama shahidi wa king'ora. Kabla Jogoo hajajibu, mlango ulifunguliwa, Dada akaingia bila kualikwa na karatasi ya kaki imekunjwa chini ya kwapa kama mkeka. Aliitandaza juu ya makaratasi yao yote. Ilining'inia pande zote mbili za meza.

"Nilijua mimi," alisema. "Yeye hajawahi kuiona, mnaelewa kwa nini. Mimi nilijua siku na saa, nikanyamaza. Andikeni jina langu."

Hakunitaja. Wakati ule ndipo nilipaswa kusema, na sikusema.

Mmoja wa wale watatu alikuwa daktari wa kiwanda. Aliinama juu ya karatasi, akafuata ngazi kwa kalamu kuanzia juu mpaka chini, kisha akauliza kama anaweza kuipeleka kwa mwalimu wake wa zamani, mama mmoja katika hospitali kubwa anayeshughulika na magonjwa ya usingizi.

Nilikwenda nao. Yule mama alibandika karatasi ya Dada ukutani pake, akarudi nyuma, akaikunjia mikono.

"Nani alikufundisha kuchora hivi?" aliuliza.

"Hakuna. Mimi ni fundi cherehani."

"Sisi tunachora hivihivi." Akamgeukia Jogoo. "Baba, ndani ya kichwa cha kila mtu kuna saa. Ni kipande kidogo cha ubongo, ukubwa wa punje. Ndicho kinachopandisha na kushusha joto la mwili, kinachokupa njaa, kinachomwaga dawa ya usingizi damuni giza likiingia. Ila saa hiyo haiendi sawasawa na jua. Kwa watu wengi inachelewa kidogo. Yako inachelewa nusu saa kwa siku."

"Zamani ilikuwa haichelewi," Jogoo alisema. "Mimi walikuwa wananiita Jogoo."

"Ilikuwa inachelewa tangu unazaliwa. Lakini kila asubuhi mwanga uliingia machoni ukaisogeza ikae sawa. Jicho lina kazi mbili. Moja ni kuona. Ya pili ni kuipa saa hiyo habari ya mchana, na kazi hiyo wapo vipofu ambao macho yao bado yanaifanya, hawaoni kitu lakini saa yao inajua kumekucha. Yako yalitolewa yote. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeiambia saa yako kitu chochote. Inakwenda peke yake gizani."

Jogoo akauliza kitu ambacho sikukitarajia. "Kwa hiyo siku ile hata ningejichoma sindano nisisinzie, ningelala?"

"Ungelala na sindano mkononi. Si uvivu, wala si kukosa moyo. Ulipewa kazi ya mchana katikati ya usiku wako."

Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kidogo, ileile dawa ya usingizi ambayo mwili hujitengenezea, anywe saa tatu za usiku, kila siku, bila kukosa, labda maisha yake yote. Si cha kumlaza. Ni cha kuiambia saa kwamba sasa ni jioni. Alituonya kuwa haifanyi kazi kwa siku moja. Ingengoja mpaka ngazi izunguke ifikie usiku, ndipo ijaribu kuishika. Mara ya kwanza haikushika. Tulikaa wiki mbili tukishangilia kama zamani, kisha tukaiona buluu inateleza tena kuelekea asubuhi, na Dada akakaa chini mbele ya cherehani bila kushona. Mzunguko wa pili ulishika. Buluu ilisimama, mstari chini ya mstari.

Kiwanda hakikumfukuza, lakini mezani hakurudi. Anatengeneza makreti ya mbao nyuma ya stoo yangu, anapapasa ubao uliovunjika na kupigilia mpya, na hapigi kidole chake nyundo zaidi ya mtu mwenye macho.

Jumapili tunakwenda kumwona Barafu. Mara ya kwanza nilibaki nje ya mlango. Nilimsikia Jogoo akisema, "Nimekuja unitukane." Kisha ule mnong'ono, sikuyapata maneno. Walipoanza kucheka, kicheko cha mmoja kilikuwa na sauti na cha mwingine kilikuwa pumzi tupu.

Nilimwambia Jogoo ukweli mwaka jana, tukirudi kutoka huko. Kwamba niliijua Jumanne, kwamba mimi ndiye niliyemzuia Dada, kwamba niliahidi kupita nikaenda kugombana na dereva wa lori. Tulitembea hatua nyingi. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, na haukuondoka.

"Najua," alisema. "Dada yako aliniambia Jumatatu usiku, kabla hakujakucha. Alinisomea karatasi yote. Aliniomba nisiende."

Nilisimama. Naye akasimama.

"Nikamwambia nitashinda," akaendelea. "Usingizi tu, nikamwambia. Mwanamume mzima ashindwe na usingizi."

Mwezi uliopita duka la dawa lilikosa kile kidonge kwa siku tisa. Siku ya kumi, saa mbili za asubuhi, nilisikia nyundo nyuma ya stoo ikipiga polepole, ikikosa, ikipiga. Nilipotoka nilimkuta ameketi juu ya kreti, msumari mdomoni, uso umeinama. Nilimgusa mkono. Ulikuwa umeanza kuwa wa baridi, kama mchana ule wa glasi ya maji.